Msiba wa Rafiki Asiyeonekana

Urafiki unaozaliwa katika gemu za mbio za magari za mtandaoni umeleta upya swali la kale: je, mtu anaweza kufiwa na mtu ambaye hajawahi kumtia machoni? Wachezaji wawili, mmoja Singida mjini na mwingine Mombasa, Muscat au Oslo, wanaweza kushindana kila wiki kwa miaka, wakajuana kwa sauti, kwa jina la mchezoni na kwa namna kila mmoja anavyokata kona. Kisha mmoja anafariki. Aliyebaki hana kaburi la kuzuru wala jamaa wa kumpa pole, na pengine hajui hata jina ambalo wazazi walimpa mwenzake. Majirani zake hawaoni turubai wala moto wa matanga, kwa hiyo hawajui kwamba nyumba ile ina msiba.

Swali hili lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kama huzuni ya namna hiyo ina haki ya kuitwa msiba. Ya pili ni kama inamtwisha aliyebaki wajibu wowote. Ya tatu, ikiwa wajibu upo, ni jinsi unavyotimizwa na mtu aliye mbali. Mkoa wa Singida unafaa kuwa mahali pa kulipima swali hili, kwa kuwa wakazi wake wamerithi mila nzito za maziko, dini mbili kubwa zenye mafundisho yake kuhusu marehemu asiyekuwapo, na historia ndefu ya wageni waliokutana njiani wakawa na haki ya kuzikana.

Urafiki unavyojengwa mbioni

Gemu za mbio zilitangulia intaneti ya majumbani. Super Mario Kart ya kampuni ya Nintendo ilitoka mwaka 1992, na Gran Turismo, iliyobuniwa na Kazunori Yamauchi, ilitoka Japani mwaka 1997. Katika miji ya Tanzania vijana wengi walizijua kwanza kwenye vibanda vya gemu, ambako wapinzani hukaa bega kwa bega mbele ya televisheni moja na aliyeshindwa humpisha anayesubiri. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukaifikisha huduma mikoani. Tangu hapo mpinzani hakulazimika tena kukaa kwenye benchi lile lile. Kilichohitajika ni bando na muda.

Mbio za mtandaoni zina sharti moja la kiufundi lenye uzito wa kimaadili. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa, lakini kati ya Singida na sava iliyoko Ulaya taarifa bado huchukua sehemu ya sekunde kwenda na kurudi. Kwa hiyo hakuna dereva anayeliona gari la mwenzake mahali lilipo hasa. Huliona pale ambapo programu inakisia kwamba lipo, kutokana na kasi na uelekeo wa punde iliyopita. Magari mawili yakiingia kona ubavu kwa ubavu, kila dereva hulazimika kuacha nafasi kwa ajili ya gari ambalo hana hakika nalo kabisa, akitumaini kwamba mwenzake naye anafanya vivyo hivyo. Huduma ya iRacing, iliyoanza mwaka 2008, imelipa jambo hili uzito kiasi cha kumpa kila dereva alama mbili tofauti: moja ya ushindi, nyingine ya usalama inayopanda au kushuka kwa kadiri anavyogongana na wenzake.

Katika mazingira hayo tabia ya mtu hujitokeza upesi. Kuna anayemsukuma mwenzake nje ya barabara ili ashinde, na kuna anayepunguza mwendo amrudishie nafasi aliyempokonya kwa bahati mbaya. Kuna anayezima mashine akishindwa, na kuna anayemaliza mbio akiwa wa mwisho ili asiharibu mashindano ya wengine. Kuna anayeficha mbinu zake, na kuna anayekesha akimfundisha mgeni mahali pa kufunga breki. Baada ya miezi kadhaa dereva huwa na ujuzi wa kutosha kusema nani anaaminika na nani haaminiki, na mazungumzo ya kati ya mbio moja na nyingine huongeza habari za kazi, ugonjwa, watoto na madeni. Urafiki hukua hapo, juu ya msingi ambao tayari umejaribiwa.

Kujuana kwa njia ya mashindano si jambo la mitambo pekee. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Mjerumani Amanal Petros, baada ya wote wawili kuandikiwa saa 2:09:48. Wakimbiaji waliofikishana hivyo hadi kwenye utepe hujua mambo kuhusu pumzi, subira na ujasiri wa kila mmoja ambayo jirani zao wa nyumbani hawayajui. Mbio humfunua mtu kwa upande mmoja tu, lakini upande huo humfunua kweli.

Msiba kama kazi

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya msiba wa rafiki wa mbali haitoki kwa wanafalsafa, inatoka msibani penyewe. Katika vijiji vya Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, anayeomboleza hujulikana kwa kazi. Kaburi lazima lichimbwe, mara nyingi katika ardhi ngumu yenye mawe. Maji yatekwe, kuni zipasuliwe, wageni wapikiwe, wafiwa walindwe wasibaki peke yao usiku. Anayesema amefiwa huku mikono yake haikushika jembe wala sufuria hutazamwa kwa mashaka. Methali inasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na nyingine inaongeza kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Zote mbili zinaonya kwamba mapenzi yasiyoweza kufika yana mpaka.

Onyo hilo ni la haki. Rafiki wa mtandaoni hawezi kumsogezea mgonjwa kikombe cha maji wala kushika mwisho mmoja wa jeneza. Yeyote anayedai kwamba urafiki wa mbali ni sawa kabisa na wa karibu anawadharau waliouguza. Hata hivyo, mila hizo hizo zina mlango wa pili, nao ni utani, ambao kwa sehemu ulikulia njiani.

Barabara kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji, ilikatiza sehemu ya kusini ya mkoa wa sasa wa Singida. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, katika eneo ambalo leo ni la Manyoni na Itigi. Richard Burton na John Speke waliivuka mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871, lakini walioivuka kwa wingi zaidi walikuwa wapagazi wa makabila mbalimbali. Wengi walifia njiani kwa kiu, ndui au uchovu, mbali na kila aliyezaliwa nao. Mtu aliyekufa huko alihitaji kuzikwa na mtu asiye ndugu yake.

Watafiti wa utani wameeleza kwamba uhusiano huo ulikua pia kutokana na safari hizo, pamoja na vita na mapatano ya zamani kati ya makabila. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliandika kuuhusu katika jarida la Africa mwaka 1944, na katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya maelezo ya utani kutoka makabila mengi chini ya uhariri wa Stephen Lucas. Mtani ana haki ya kumdhihaki mtani wake bila kukasirikiwa, lakini haki hiyo inaambatana na mzigo: msibani ndiye anayeshika kazi ambazo wafiwa hawawezi, ndiye anayewachekesha waliolemewa, na ndiye anayeweza kuketi kwenye ukingo wa kaburi na kudai alipwe kwanza. Utani uliwageuza wageni kuwa watu wenye wajibu wa kuzikana. Damu haikuwaunganisha, waliunganishwa na safari, mzaha na hatari walizoshiriki.

Kwa hiyo fikra kwamba asiye ndugu hana fungu msibani si ya asili katika nchi hii. Jambo lililobaki ni kama mashindano ya mtandaoni yanaweza kuhesabiwa kuwa safari ya namna hiyo.

Hoja tatu za kupinga

Hoja ya kwanza ni ya Aristotle. Katika vitabu vya nane na tisa vya Maadili ya Nikomako anafundisha kwamba marafiki hutaka kuishi pamoja, na kwamba watu hawajuani kabla ya kula chumvi pamoja kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe, hata hivyo, anakubali kwamba umbali hauvunji urafiki moja kwa moja; unachosimamisha ni utendaji wake. Tena anaeleza kuishi pamoja kwa wanadamu kuwa ni kushirikiana maneno na mawazo, wala si kulishwa mahali pamoja kama ng'ombe. Kwa kipimo hicho, watu wawili wanaozungumza na kushindana kila wiki wametimiza sehemu kubwa ya sharti, ingawa si yote.

Hoja ya pili ni kwamba gemu ni mchezo, na yanayotendeka mchezoni hayahesabiki. Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, aliandika mwaka 1938 katika Homo Ludens kwamba mchezo una uwanja wake, uliotengwa na maisha ya kawaida kwa kanuni zake. Ni kweli kwamba gari linalopinduka kwenye skrini halimjeruhi mtu. Lakini ahadi iliyotolewa humo ni ahadi, udanganyifu ni udanganyifu, na saa zilizotumika kumfundisha mgeni zimetoka katika umri halisi wa mtu. Bao la wazee chini ya mwembe nalo ni mchezo, na hakuna anayeshangaa wachezaji wanapomlilia mwenzao.

Hoja ya tatu ni kwamba mtandaoni mtu anaweza kujibuni: umri, jinsia, nchi na habari zake zote zikawa za uongo. Hatari hiyo ipo. Lakini uongo hauhitaji mtandao, na si kila kitu kinaweza kughushiwa kwa muda mrefu. Mtu anaweza kudanganya kuhusu kazi yake. Hawezi kuonyesha subira barabarani kwa miaka mitano bila kuwa na subira. Anayemlilia rafiki wa namna hiyo anapaswa tu kuwa mwangalifu kuhusu kile hasa anachokijua. Anaijua tabia iliyojaribiwa. Hajui mengine, wala hapaswi kujifanya anayajua.

Undugu ni kufaana, si kufanana, wanasema wahenga. Hoja zote tatu zikipimwa kwa neno hilo, zinapunguza ukubwa wa dai la rafiki wa mbali bila kulifuta.

Mafundisho ya dini

Uislamu una mfano unaogusa swali hili moja kwa moja. Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliwapokea Waislamu waliokimbia mateso ya Makka mnamo mwaka 615. Mtume Muhammad hakuwahi kuonana naye. Najashi alipofariki, mnamo mwaka wa tisa wa Hijra kwa mujibu wa wengi, Mtume aliwatangazia masahaba kifo chake siku ile ile, akawapanga safu na kumsalia kwa takbira nne, kama ilivyopokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Wanazuoni walitofautiana kuhusu hukumu ya tukio hilo. Wafuasi wa Imamu Shafi na wa Imamu Ahmad waliruhusu kumsalia maiti asiyekuwapo; wa Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik walilichukulia kuwa jambo mahususi la Mtume. Wengine, akiwamo Ibn Taymiyya, walishika njia ya kati: swala hiyo ni kwa ajili ya aliyekufa mahali ambapo hapakuwa na wa kumsalia. Kwa kuwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafi, swala ya ghaibu inajulikana misikitini kwao. Swala hii humhusu marehemu Mwislamu, lakini mfano wenyewe una funzo pana: wema uliotendwa kwa mbali ulitosha kuunda haki ya marehemu juu ya mtu asiyewahi kuuona uso wake.

Funzo la pili ni la ushahidi. Imepokewa kwamba jeneza lilipita na watu wakalisifu, na Mtume akasema kwamba wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu duniani. Kutokana na hilo imekuwa desturi katika misiba mingi waliohudhuria waulizwe wanavyomshuhudia marehemu, na mwenye kumdai ajitokeze. Ushahidi huhitaji ujuzi. Mtu aliyeona uaminifu wa marehemu mahali ambapo ndugu zake hawakuwapo ana jambo la kusema, na akinyamaza, ushahidi unapungua.

Ukristo nao ulienea kwa barua kati ya watu wasioonana. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kabla hajafika kwao, na Waraka kwa Wakolosai unawataja waumini ambao hawajauona uso wake, hali anasema anawahangaikia. Imani katika ushirika wa watakatifu inapanua hoja hiyo: kifungo cha waumini hakitegemei mahali wala hakikatwi na mauti. Jimbo Katoliki la Singida, lililoanzishwa mwaka 1972, huadhimisha kama majimbo mengine kumbukumbu ya marehemu wote tarehe 2 Novemba, siku inayowaombea hata wasio na ndugu wa kuwakumbuka. Walutheri, ambao kazi yao huko Iramba ilichukuliwa na wamisionari wa Augustana kutoka Marekani katika miaka ya 1920, husisitiza zaidi kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuwafariji walio hai. Njia zote mbili zina nafasi kwa rafiki wa mbali, kama mwombaji au kama mwenye shukrani.

Mtakatifu Augustino wa Hippo, katika kitabu cha nne cha Maungamo, alieleza huzuni iliyompata alipofiwa na rafiki wa ujana wake mjini Thagaste. Kila mahali palipokuwa na kumbukumbu ya marehemu pakawa mateso kwake. Baadaye alijilaumu kwa kumpenda mtu anayekufa kana kwamba hatakufa, akahitimisha kwamba hapotezi mpendwa yule anayewapenda wote katika Mungu. Rafiki huyo hakutajwa jina hata mara moja, na bado amekumbukwa kwa zaidi ya miaka 1,600. Ndivyo inavyoonekana kwamba mtu anaweza kukumbukwa kwa kina bila jina lake la kuzaliwa kujulikana.

Jina, mahali na kumbukumbu

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, aliandika mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba kwa Waafrika wengi wakati una pande mbili, sasa na zamani. Aliyefariki hubaki upande wa sasa maadamu wapo watu waliomjua akiwa hai na wanaomtaja kwa jina. Marehemu wa namna hiyo akawaita wafu walio hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, kwa kawaida baada ya vizazi vinne au vitano, marehemu huingia katika zamani. Wanafalsafa wengine wameikosoa sana tafsiri hiyo ya wakati, lakini sehemu yake inayohusu kumbukumbu bado ina nguvu, kwa sababu inaitofautisha kumbukumbu ya aliyemjua mtu na habari za aliyesikia tu.

Tofauti hiyo inaonekana Singida mjini. Uwanja wa mpira wa Liti, uliokuwa ukiitwa Namfua, una jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanasema aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa msaada wa nyuki. Jina lake hutamkwa na maelfu, wala hakuna aliye hai aliyemjua. Heshima hiyo ni ya umma. Rafiki wa mbio za mtandaoni yuko kinyume: hatapewa uwanja, lakini wapo watu kumi au ishirini wanaokijua kicheko chake. Kwa kipimo cha Mbiti, huyo ndiye aliye karibu zaidi na walio hai, iwapo wataendelea kumtaja.

Kumtaja kwa jina la mchezoni si kumtaja kwa uongo. Watu wa Afrika Mashariki wamezoea kuwa na majina mengi: la ukoo, la ubatizo au la Kiislamu, la utani, la kazini. Kila jina humwita mtu yule yule kutoka upande wa waliompa. Jina la mchezoni lina upungufu mwingine: halimpeleki mtu nyumbani kwa marehemu.

Mahali pia pana uzito wake. Huko Kirumi, katika wilaya ya Mkalama, tambiko la mvua la Wanyisanzu husimamiwa na ukoo wa kitawala wa Anyampanda, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Todd Sanders. Wahenga wanaombwa pale pale walipotawala. Tambiko haliwezi kuhamishiwa popote. Lakini ndani ya wilaya hiyo hiyo wanaishi Wahadzabe, ambao ngoma yao ya epeme hufundisha jambo jingine. Huchezwa usiku usio na mbalamwezi, mioto ikiwa imezimwa. Wanaume huingia mmoja mmoja gizani, na wanawake huitikia kwa nyimbo. Mchezaji haonekani, kuwapo kwake kunajulikana kwa kishindo cha mguu, njuga na mluzi. Mila moja inaifunga kumbukumbu na ardhi, nyingine inakubali kwamba mtu anaweza kuwapo kikamilifu bila kuonekana uso. Rafiki wa mtandaoni ana kuwapo kwa namna ya pili na anakosa mahali kwa namna ya kwanza.

Gari-kivuli

Gemu za mbio zina kifaa kimoja cha kumbukumbu ambacho michezo mingi haina. Dereva anapomaliza mzunguko, programu huweza kuhifadhi mwendo wake wote na kuuonyesha baadaye kama gari linalopenyeka, ambalo wengine wanaweza kushindana nalo. Super Mario Kart ilikuwa nalo tayari mwaka 1992. Mwaka 2014 kijana mmoja alisimulia mtandaoni, bila kutaja jina lake halisi, kwamba aliiwasha mashine aliyokuwa akichezea na baba yake, aliyefariki yeye akiwa na miaka 6, akakuta gari-kivuli la baba likizunguka bado. Alishindana nalo mpaka akawa na uwezo wa kulishinda, kisha kila mara akasimama kabla ya mstari wa mwisho ili rekodi ile isifutwe. Masimulizi hayo yalienea duniani kwa sababu kila aliyefiwa aliyaelewa.

Je, gari-kivuli ni marehemu? Kwa mafundisho ya Uislamu na Ukristo, la. Roho yake iko kwa Mungu, na anayeliona gari hilo kama mzimu unaokaa ndani ya mashine anakosea. Kwa kipimo cha Mbiti pia jibu ni la, maana mfu aliye hai hutarajiwa kusikia na kujibu, ilhali gari-kivuli hurudia kona ile ile kwa namna ile ile milele. Lakini si kitu bure. Ni alama ya matendo ya mikono fulani katika dakika fulani, kama jembe lililolika mpini upande aliouzoea mkulima wake. Kulitunza ni sehemu ya kumbukumbu, maadamu haligeuki kuwa kisingizio cha kukataa kwamba mtu amekufa.

Tena alama hiyo haidumu. Huduma za mtandaoni za Gran Turismo 6, iliyotoka Desemba 2013, zilifungwa Machi 2018. Za Gran Turismo Sport, iliyotoka Oktoba 2017, zilifungwa tarehe 31 Januari 2024. Hiyo ni takriban miaka minne na sita. Vizazi vinne au vitano vya Mbiti ni zaidi ya karne. Anayeiachia sava kazi ya kukumbuka ameikabidhi kwa mwenye mali ambaye ataizima gharama ikizidi faida. Kumbukumbu ya kudumu bado hupita katika vinywa vya watu.

Wajibu wa aliyebaki

Mats Steen wa Norway alifariki Novemba 2014 akiwa na umri wa miaka 25, baada ya kuishi na ugonjwa unaodhoofisha misuli. Wazazi wake walihuzunika wakiamini kwamba hakuwahi kuwa na marafiki wala kumfaa mtu yeyote. Walipotangaza kifo chake mtandaoni, barua pepe zikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Katika gemu ya World of Warcraft, ambako alijulikana kama Ibelin, alikuwa ameshauri, amefariji na amepatanisha watu kwa miaka. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Filamu ya Benjamin Ree kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 2024. Gemu yake haikuwa ya mbio, lakini funzo ni lile lile: wazazi waliujua mwili wake na mateso yake, marafiki waliyajua matendo yake, na hakuna upande uliomjua kikamilifu mpaka siku walipokutana.

Hapo ndipo wajibu unapoonekana. Hakuna anayemjua marehemu kikamilifu. Mke anajua hili, mwajiri lile, mtoto jingine. Wasifu unaosomwa kabla ya maziko huyaunganisha wanayoyajua, na msiba ndio mahali ambapo vipande vya mtu hukusanywa kwa mara ya mwisho. Rafiki wa mtandaoni ameshika kipande kimoja. Hakimpi haki ya kuketi mbele ya waliouguza na kuosha, lakini kinampa deni la kukifikisha.

Kulilipa deni hilo kunawezekana kutoka Singida. Hatua ya kwanza ni kuthibitisha habari ya kifo kwa utaratibu, bila kuwasumbua wafiwa na bila kusambaza picha au siri za marehemu. Ya pili ni kuwaandikia ndugu zake kwa majina halisi, kuwaeleza mwandishi ni nani, na kushuhudia matendo mahususi: siku aliyomngoja mgeni, ugomvi alioutuliza, usiku aliompigia simu aliyekuwa amekata tamaa. Sifa za jumla hazina kazi. Ya tatu ni rambirambi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo michango ya misiba imezoea kusafiri kwa simu. Mkono wa pole kutoka mbali haushangazi tena mtu, na mahali ambapo mtandao wa kutuma fedha haufiki, ujumbe unatosha. Ya nne ni ibada, kila mtu kwa dini yake: dua, misa au sala ya shukrani. Ya tano ni madeni. Kama marehemu alimkopesha rafiki huyo au alikopa kwake, jambo hilo lisemwe au lisamehewe.

Wajibu upo pia kwa jamii inayomzunguka aliyebaki. Kijana anayesema amefiwa na mwenzake wa gemu asichekwe wala asitakiwe kuthibitisha machozi yake kwa picha ya pamoja. Apewe pole, aulizwe marehemu alikuwa mtu wa namna gani, naye akiri wazi mipaka ya anachokijua. Wazazi, viongozi wa dini na wachezaji wenzake wanaweza kumsaidia kuandika ushahidi huo na kuufikisha kwa familia. Ukishafika, huzuni yake inakuwa na mahali pa kukaa katika msiba wa kweli wenye kaburi, jina na wenyewe, na swali la kama ana haki ya kuhuzunika linakuwa limejibiwa na wafiwa wenzake.